Uyeyukaji wa klorini katika maji

Uyeyukaji ni mchakato ambao dutu moja, iitwayo kiyeyushwa, husambaa katika nyingine, iitwayo kiyeyushi, hata zote mbili zikawa myeyusho mmoja wenye sifa zilezile kila sehemu. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, wakazi wa miji ya Beni na Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walizoea myeyusho wa klorini wa asilimia 0.05 wa kunawia mikono na ule wa asilimia 0.5 wa kusafishia vyombo na sakafu.

Unga wa hipokloriti ya kalsiamu wenye asilimia 70 ya klorini hutiwa takriban gramu 7 katika lita 1 ya maji ili kupata myeyusho mkali, yaani ule wa asilimia 0.5, na kasi ya kuyeyuka hutegemea ukubwa wa punje, kwa kuwa punje ndogo hugusana na maji kwa eneo kubwa zaidi, pamoja na ukorogaji, unaoondoa tabaka lililokolea kando ya kila punje. Joto nalo huharakisha uyeyukaji wa yabisi nyingi, hivyo maji ya Butembo, mji wa milimani wenye ubaridi, huhitaji kukorogwa kwa muda mrefu kidogo. Lakini kuyapasha moto ni kosa, maana joto huivunja hipokloriti na kupunguza nguvu yake. Mashapo meupe yanayobaki chini ya ndoo ni misombo ya kalsiamu isiyoyeyuka kirahisi, wala si dalili ya unga mbovu. Myeyusho huo hutengenezwa upya kila siku na kuwekwa mbali na jua.