Oili, Joto na Ndege ya Fundi

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia huingia Tunduma baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900. Malori yafikayo hapo yamekwisha kupanda Kitonga, yamekwisha kupita Mbeya, na yamekwisha kuiacha nyuma Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016. Basi si ajabu kuwa Tunduma ni mji wa magereji. Fundi wa hapo, kabla hajafungua boneti, hujua kwa harufu kama gari limechemsha. Naye dereva hujua kuwa mzigo, mlima na jua vikikutana, ubora wa injini huonekana katika namna inavyolitoa joto lake.

Katika mji huo, mwishoni mwa miaka ya 2010, habari za fundi mmoja, Adam Kinyekile, zilienea nchini kwa sababu alikuwa akiunda helikopta kwa mikono yake. Jambo la namna hiyo halikosi watu wa kulisifu wala watu wa kulicheka, na wote huuliza swali lile lile: Je, itaruka? Swali hilo ni la haki, walakini si la kwanza. Historia ya ndege ndogo yafundisha kuwa liko swali linalolitangulia, nalo ni swali la kigereji kabisa: joto litakwenda wapi? Hakuna mahali ambapo swali hilo limewasumbua waundaji wa ndege kuliko katika oili ya injini za mzunguko. Kwa hiyo hapo ndipo panapofaa kutazamwa.

Yafaa lugha itangulie. Kamusi humpa msomaji neno moja, mafuta, kwa kitu kiunguzwacho na kwa kitu kilainishacho. Gereji imepambanua: mafuta ni petroli au dizeli, na oili ni ile ya kulainishia vyuma. Upambanuzi huo ni wa maana sana, kwa kuwa oili ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia chuma kisisagane na chuma. Ya pili, ambayo husahauliwa, ni kubeba joto kutoka pale ambapo maji hayafiki. Vilevile maneno “injini ya mzunguko” yana maana mbili. Kuna injini ya kale ambayo silinda zake zote huzunguka pamoja na rafadha; na kuna injini ya baadaye ambayo gamba lake limetulia, na ndani yake huzunguka rota yenye pembe tatu.

Injini ya kwanza ilitoka Ufaransa. Mnamo mwaka 1908 ndugu wa jamaa ya Seguin walitoa injini yao iliyoitwa Gnome, yenye nguvu za farasi 50. Mhimili wake uliokazwa katika ndege haukuzunguka. Silinda ndizo zilizozunguka, zikijipepea zenyewe hata ndege ilipokuwa bado imesimama ardhini. Kwa njia hiyo mzigo wa maji na rejeta uliondolewa. Oili yake ilikuwa mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita mafuta ya nyonyo, yatokanayo na mmea ambao asili yake ni Afrika ya Mashariki. Yalichaguliwa kwa sababu petroli haikuyayeyusha upesi kama ilivyoyeyusha oili nyingine, na katika Gnome petroli na oili zilipita katika chumba kimoja. Lakini oili hiyo haikurudi. Ilifanya kazi mara moja, ikatupwa nje pamoja na moshi, ikamrukia rubani usoni, naye aliyeimeza tumbo lake lilimtangazia habari. Swali la kupoza oili halikujibiwa. Lilikwepwa kwa kuitupa oili pamoja na joto lake.

Injini za namna hiyo zilifika katika pwani ya Tanzania ya leo mapema. Mnamo Februari 1915 Waingereza walileta ndege mbili za baharini za Sopwith, zenye injini za Gnome za nguvu za farasi 100, katika kisiwa cha Niororo karibu na Mafia. Zilitakiwa kuishambulia manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Hewa ya joto na unyevu ilizishinda. Hazikuweza kupaa na mzigo wa mabomu kama ilivyotarajiwa. Ndege nyingine zililetwa baadaye, na kwa msaada wa hizo mizinga iliongozwa mpaka manowari hiyo ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Ndege zilizoundwa kwa hewa ya Ulaya zilikuwa zimepata somo lao la kwanza la hewa ya nchi hizi.

Somo la pili lilikuja miaka mitano baadaye, na safari hii lilipita karibu na Tunduma. Mwezi wa Februari 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliondoka Uingereza kwenda Cape Town katika ndege ya Vickers Vimy iliyoitwa Silver Queen. Injini zake zilipozwa kwa maji. Karibu na Korosko, katika bonde la Nile, rejeta ilivuja, nao walipojaribu kutua usiku ndege ikavunjika. Wakapewa nyingine, wakapita Kisumu na Tabora hadi Abercorn, ambayo leo ni Mbala, upande wa magharibi ya Tunduma. Ndege hiyo ya pili nayo ilianguka Bulawayo tarehe 6 Machi, ilipokuwa ikijaribu kupaa na mzigo mzito katika hewa nyepesi ya nyanda za juu. Walimaliza safari tarehe 20 Machi kwa ndege ya tatu. Tangu mwaka 1932 ndege za shirika la Imperial Airways zilikuwa zikitua Mbeya katika njia ya Cape Town; lakini kila abiria aliyeshuka pale kwa salama alikuwa akila matunda ya hasara hizo za awali.

Injini ya pili ya mzunguko ni ya Mjerumani Felix Wankel. Ya kwanza ilinguruma katika karakana za NSU mwezi wa Februari 1957. Kampuni ya Mazda ya Japani ikaichukua na kuikuza, na gari lake la RX-7, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1978 hadi 2002, ndilo lililoisambaza zaidi duniani. Injini hiyo ni ndogo, ni nyepesi, haina pistoni wala valvu, na haitikisiki sana. Kwa hiyo haikukawia kutamaniwa na watu waundao ndege zao nyumbani, hasa Marekani.

Hapo ndipo swali lililokwepwa na Gnome liliporudi. Katika injini ya Wankel maji hupoza gamba la nje, lakini hayafiki ndani ya rota. Rota hupozwa kwa oili irushwayo ndani yake, na karibu theluthi moja ya joto lote linalopaswa kutolewa kwa maji na oili huangukia upande wa oili. Barabarani jambo hilo halionekani, maana dereva hutumia nguvu zote za injini kwa sekunde chache tu, kisha hulegeza mguu. Rubani hawezi kulegeza. Hupaa kwa nguvu zote, kisha huendelea kwa sehemu kubwa ya nguvu hizo saa nzima au zaidi. Rejeta ndogo ya oili iliyolitosha gari hailitoshi tena joto la ndege.

Tena oili ni mchukuzi mvivu. Kwa uzito ule ule hubeba karibu nusu tu ya joto libebwalo na maji, na kwa kuwa ni nzito, tabaka lake lililopoa hung'ang'ania ukuta wa rejeta na kuzuia oili ya moto isiufikie. Ikipita sana nyuzi 100 hulegea, na mipira midogo inayozuia oili ndani ya rota hukauka na kupasuka. Waundaji wengine walichukua vipande vya viyoyozi vya magari ya General Motors wakavifanya rejeta. Wengine waliweka rejeta ya oili nyuma ya rejeta ya maji, wakagundua kuwa ya nyuma ilikuwa ikipokea upepo uliokwisha kupata moto. Polepole ilifahamika kuwa ukubwa wa rejeta ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni njia ya hewa, inayopaswa kupanuka taratibu mbele ya rejeta, kuzibwa kila mwanya, na kupewa mahali pa kutokea nyuma. Mhandisi Mwingereza F. W. Meredith alikuwa ameyaeleza mambo ya namna hiyo kwa hesabu katika miaka ya 1930.

Sasa yarudishwe haya Tunduma. Kwenye urefu wa mita 1,500 hewa ni pungufu kwa karibu sehemu 14 katika 100 kuliko ya Dar es Salaam, na maji yasiyofungiwa huchemka kwenye nyuzi 95. Hewa hiyo pungufu huipunguzia injini nguvu, huupunguzia ubawa uwezo wa kuinua, na huipunguzia rejeta upepo. Helikopta ina taabu zaidi, hata injini yake iwe ya aina gani: ikining'inia mahali pamoja hudai nguvu nyingi sana, ilhali hakuna mwendo wa kuiletea upepo. Sharti iwe na feni yake ya kupozea, na feni hiyo nayo hula nguvu.

Basi anayelicheka jaribio la fundi hajui ni ndege ngapi za mabingwa zilivunjika kwa ajili ya rejeta. Na anayelisifu bila kupima humtendea vibaya zaidi, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na katika ndege maji hayo hulipwa kwa roho za watu. Huko Marekani sheria haimwachi muundaji katika kicheko wala katika sifa. Ndege yake hukaguliwa. Kisha huruhusiwa kuruka katika eneo lililotengwa, mbali na wingi wa watu, kwa saa 40 hivi ikiwa injini yake haina hati ya ndege, na majaribio hayo huandikwa katika daftari. Daftari hizo na barua walizoandikiana waundaji ndizo zilizojibu swali la oili. Hakuna mtu mmoja aliyelijibu peke yake.

Kutoka Tunduma hadi Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ni mwendo wa kilomita 100 na kidogo. Upande mmoja wa njia hiyo yapo maarifa ya mikono yanayotambua joto kwa harufu. Upande wa pili zipo hesabu zinazoweza kulitabiri kabla chuma hakijakatwa. Malori hupita kati yao usiku na mchana. Siku fundi atakapopanda mojawapo akiwa na daftari ya vipimo vya oili yake, na akamkuta mwalimu aliye tayari kuisoma, swali la kama itaruka litakuwa limepata mahali pa kuulizwa.