Barafu ya Lewis: Waliopima na Waliobeba

Mwaka 1893 mwanajiolojia John Walter Gregory alipanda Mlima Kenya na wapagazi Waswahili aliotoka nao Mombasa. Asubuhi moja, kambini huko juu, walimwendea wakamwambia kuwa maji waliyoyaacha sufuriani usiku yamerogwa: yamekuwa meupe, hayatikisiki, na mwenzao Fundi ameyachoma kwa fimbo, fimbo isiingie. Gregory akaweka sufuria motoni. Barafu ilipoyeyuka walifurahi, lakini alipowapa kisogo waliyamwaga maji yale wakaenda kuteka mengine kijitoni.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi ili watu wacheke. Mimi sioni cha kuchekesha. Watu wa pwani walikuta jambo wasilolijua, wakalitazama, wakalijaribu kwa fimbo, wakakaa kungoja moto uonyeshe nini, kisha wakachukua tahadhari. Huo ni uchunguzi. Na kwa migongo yao Gregory aliweza kufika kwenye barafu iliyo kati ya vilele vya Nelion na Lenana, ile tunayoiita Lewis kwa jina la Mmarekani Henry Carvill Lewis. Mmisionari Johann Krapf aliuona mlima huo kutoka Ukambani mwaka 1849 akasema una theluji, na wasomi wa Ulaya wakakataa kumwamini. Sasa Gregory alisimama juu ya barafu yenyewe.

Miaka 6 baadaye akaja mwanajiografia Halford Mackinder na msafara wenye Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai 2 wa kuongoza njia. Nchi ilikuwa na njaa na tauni. Chakula hakikupatikana, wenyeji walikuwa na uhasama, na watu wawili wa msafara waliuawa. Tarehe 13 Septemba 1899 Mackinder alisimama juu ya kilele cha Batian pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji kutoka milima ya Italia. Majina hayo matatu ndiyo yaliyobaki vinywani mwa watu.

Mwaka 1934 Wajerumani Carl Troll na Karl Wien walichora ramani ya Lewis kwa vipimo vya picha. Ramani hiyo ikawa msingi wa kila kipimo kilichofuata. Katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, wakati mataifa yakijenga vituo Antaktika, wapimaji walipanda tena Lewis na kuichora upya.

Aliyeizoea barafu hii kuliko wote ni Stefan Hastenrath wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Kuanzia miaka ya 1970 hadi 1996 alirudi mara kwa mara. Vijiti vilichomekwa ndani ya barafu, na baada ya muda vikaangaliwa vimechomoza kiasi gani. Hapo ndipo ilipojulikana imepungua kwa unene gani. Kazi hiyo ni ngumu zaidi ikweta kuliko Ulaya. Huko barafu hukua majira ya baridi na kuyeyuka kiangazi. Kwetu theluji huja masika na vuli, na sehemu ya chini ya barafu huyeyuka mwezi hadi mwezi, mwaka mzima. Hastenrath alionyesha kwamba kupungua kulianza mwishoni mwa karne ya 19, mvua na mawingu vilipopungua na jua likapata nafasi. Kuongezeka kwa joto kulikuja baadaye, kukazidisha hasara.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 yeye na mtafiti mwenzake Lonnie Thompson walitoboa barafu ya Lewis wakitafuta tabaka za miaka iliyopita. Hawakufanikiwa sana: maji ya kuyeyuka yalikuwa yamepenya na kuvuruga kumbukumbu. Ilibidi Thompson aende Kilimanjaro mwaka 2000 ili apate barafu ambayo aliikadiria kuwa na umri wa miaka 11,700 hivi.

Mwaka 2009 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, waliweka kituo cha hali ya hewa juu ya Lewis. Vipimo vya Innsbruck vilionyesha kuwa kati ya 1934 na 2010 Lewis ilipoteza asilimia 79 ya eneo lake na asilimia 90 ya ujazo wake. Kufikia 2021 na 2022, barafu zote za Mlima Kenya kwa pamoja zilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 0.069, yaani kama viwanja 10 vya mpira.

Barafu haitarudi kwa kuandikwa. Lakini majina ya watu yanaweza kurudi. Wapagazi waliowabebea wapimaji vijiti, betri na mitambo hadi karibu mita 4,800 hawakuwa mashahidi wa mbali. Waliiona Lewis ikirudi nyuma kwa macho yao, safari baada ya safari. Vyuo vikuu vyetu, makumbusho ya taifa na vyama vya wapagazi wa Naro Moru na Chogoria, chini ya mlima, wakae na wazee hao, wawarekodi kwa lugha zao, na kuhifadhi maneno yao kando ya takwimu za Wisconsin na Innsbruck. Ewe msomaji, kama nyumbani kwenu yupo aliyepanda na wapimaji hao, mwulize aliona nini, uandike.