Rehani, Utumwa na Njia ya Kurudi: Habari za Milima ya Upare

Wako watu wasemao ya kuwa utumwa ulikuwako Afrika ya Mashariki tangu zamani, na ya kuwa wafanya biashara wa pwani waliukuta tayari, wakanunua tu. Wako na wengine wasemao ya kuwa kabla ya misafara ya karne ya 19 hapakuwa na mtu aliyefungwa kwa mtu. Kauli hizi mbili zapingana, lakini kosa lao ni moja: hazipambanui baina ya mtu aliyewekwa rehani na mtu aliyeuzwa. Historia ya milima ya Upare, ambayo mji wa Same umekaa chini yake, yatufundisha tofauti hiyo, na namna ilivyofutwa.

Lugha yetu yenyewe imeweka ushahidi. Mtumwa, kwa asili ya neno, ni mtu anayetumwa, yaani mwenye kupewa kazi na mwingine. Kukomboa ni kulipa deni na kukitwaa tena kitu kilichowekwa rehani. Neno la kwanza limeteremka kutoka kwenye kazi mpaka kwenye hali ya maisha. Neno la pili limepanda kutoka kwenye deni la mbuzi mpaka kwenye uhuru wa nchi. Baina ya kuteremka huko na kupanda huku imo habari yetu yote.

Upare ni nchi ya mvua isiyo sawa. Juu milimani wenyeji walichimba mifereji na kujenga ndiva za kuhifadhi maji. Chini, jua huunguza tambarare. Njaa ilipoingia, katika nchi hizi za Upare, Usambara na Uzigua, ukoo uliokosa chakula uliweza kumpeleka kijana au binti kwa ukoo wenye akiba, akae huko na kufanya kazi mpaka deni lilipwe. Tusilipambe jambo hili. Aliyewekwa rehani hakuulizwa shauri, na mara nyingi mzigo huo uliwaangukia watoto na wanawake. Lakini alikuwa na vitu vitatu asivyokuwa navyo mtumwa: deni lake lilijulikana kiasi, jamaa zake walijulikana majina, na njia ya kwao aliweza kuiona kwa macho. Dawa ya deni kulipa. Naye aliyekaa kwa deni alikuwa na dawa hiyo, japo ilichelewa.

Yaliyobadili mambo yalitoka bondeni. Misafara ya kutoka Pangani ilipita kandokando ya milima kuelekea Kilimanjaro, ikitafuta pembe na watu. Unguja na Pemba zilitaka mikono ya kuchuma karafuu, na mashamba ya miwa ya Pangani yalitaka mikono vilevile. Hata mwaka 1873, Sultani Barghash alipokubali kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, mashamba ya bara hayakuacha kununua. Huko Usambara, baada ya kufa Kimweri wa Nyumbai mwaka 1862, utawala uligawanyika. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, penye njia ya misafara, akapata bunduki na nguo, na watu wake wakaingia Upare kuteka.

Hapo ndipo hesabu ya zamani ilipovunjika. Zamani, thamani ya rehani ilikuwa deni lenyewe, na mdai alitamani kulipwa. Sasa mtu aliyekaa nyumbani kwa mdai alipata bei sokoni, nayo bei hiyo iliweza kuzidi deni. Mdai akawa na faida deni lisipolipwa. Akimwuza mtu kwa msafara leo, jamaa wakija kesho na mbuzi wao hawamkuti wa kumkomboa. Jina la rehani lilibaki. Njia ya kurudi ilikatwa.

Majirani wa kusini waliyapata haya mapema zaidi. Masimulizi ya Wazigua yaeleza ya kuwa katika njaa ya nusu ya kwanza ya karne ya 19 baadhi yao walipanda majahazi kwa ahadi ya chakula na kazi, wakashushwa pwani ya Wasomali na kuuzwa. Waliotoroka walijijengea makazi katika bonde la mto Juba, na wazao wao wamekihifadhi Kizigua hata leo.

Wala si Afrika peke yake. Katika koloni la Virginia, Marekani, wengi wa wafanya kazi wa kwanza walifungwa kwa mkataba wa miaka. Mwaka 1640 watumishi watatu walitoroka, wakakamatwa: wawili wa Ulaya waliongezewa miaka, na John Punch, Mwafrika, akahukumiwa kutumika maisha yake yote. Mwaka 1662 sheria ikaandikwa ya kuwa mtoto hufuata hali ya mama yake. Huko njia ya kurudi ilikatwa kwa kalamu ya hakimu. Huku ilikatwa kwa mwendo wa msafara.

Utawala wa Wajerumani haukufuta utumwa. Amri ya mwaka 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa, na ya mwaka 1904 ikawaweka huru watoto watakaozaliwa baada ya 1905. Sheria ya kuukomesha ilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Lakini mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ni Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Huu haukuwa utumwa, maana siku zilikuwa na mwisho. Lakini kalamu ya kuzihesabu ilikuwa mkononi mwa bwana.

Kwa hiyo yatupasa tuulize, kila tuonapo mtu amefungwa na kazi: nani anayelihesabu deni lake, na je, jamaa zake waweza kuja kuihakiki hesabu hiyo? Januari 1945 Wapare kwa maelfu walikusanyika Same kuipinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna walivyokadiriwa. Watu ambao babu zao waliona deni la debe la nafaka likigeuka kuwa uhai wa mtoto walijua vema kwa nini mdaiwa hana budi kuiona hesabu kwa macho yake.