Kaniki na Santuri

Rudewa si mahali ambapo mtu hufunga safari kwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Ukipita njia ya Dumila kwenda Kilosa utakumbuka zaidi mkonge na vumbi. Lakini majuzi nilikwenda huko kumtazama dada mmoja akiigiza peke yake maisha ya Siti binti Saad. Hakuwa na mwenzake wala pazia. Alikuwa na chungu, kigoda na kaniki.

Hiyo kaniki ina habari ndefu. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama Mzigua. Kazi ya nyumbani ilikuwa ufinyanzi, naye binti alivitembeza vyungu kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa uimbaji na Muhsin Ali. Jina la Siti, yaani bibi wa heshima, lilikuja baadaye. Wenye wivu hawakulipenda. Walimtungia wimbo wa kumsuta kwamba aliingia mjini na kaniki. Siti naye akawajibu kwa wimbo.

Kumbuka kwamba taarab ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Siti aliitia Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1940, Marekani ilimpa Hattie McDaniel tuzo ya Oscar, Mweusi wa kwanza kuipata, kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani. Usiku ule ule walimkalisha meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu hiyo. Makofi walimpa, kiti wakamnyima!

Turudi Rudewa. Mwanzoni watu walicheka. Dada yule alipotembeza chungu akinadi, kijana mmoja aliuliza bei. Mzee jirani yangu, ambaye babu yake alitoka Unyamwezi kukata mkonge, aliposikia asili ya baba yake Siti alinigusa bega: "Kumbe ni wetu!" Nyuma yangu mama mmoja alinong'ona kwamba binti wa watu hapaswi kujianika hivyo mbele ya wanaume. Nadhani maneno hayo hayo Siti aliyasikia sana.

Kisha ukafika wimbo wa Kijiti. Huo unatokana na kisa cha kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alitendewa unyama na kuuawa Unguja, muuaji akakimbilia bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio wakaishia gerezani. Siti na kundi lake waliuimba mkasa huo waziwazi, wakati wakoloni bado wako madarakani. Mimi nasema hiyo ilikuwa kazi ya mwandishi wa habari, tena bila diploma.

Dada yule hakuuimba. Aliikalia ile kaniki kwenye kigoda akawa hakimu, akasimama akawa shahidi, akakaa tena. Hakimu alipouliza shahidi alikuwa akifanya nini ngomani usiku, hakuna aliyecheka. Yule mama wa nyuma yangu ndiye aliyejibu, kwa sauti kubwa: "Na yeye muuaji alikuwa akifanya nini?"

Dada akageuka, akamtazama, asiseme neno. Nilimwona akisita, jambo hilo halikuwamo katika mchezo wake. Halafu akaiokota kaniki, akashuka hadi kwenye mkeka wa yule mama, akamtandaza nayo mabegani, na kumwomba asimame aseme tena ili mahakama isikie.

Mama akasimama.