Joseph Smith wa mwaka upi?

Tarehe 5 Machi 2024 kanisa moja la Marekani liliuzia kanisa jingine hekalu. Jengo lenyewe liko Kirtland, jimbo la Ohio, na liliwekwa wakfu mwaka 1836 na Joseph Smith, mtu ambaye muuzaji na mnunuzi wote wanamwita nabii. Pamoja na nyumba kadhaa za kihistoria mjini Nauvoo, Illinois, na nyaraka za kale, bei ilikuwa dola milioni 192.5. Mnunuzi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao yake Salt Lake City, Utah, na waumini zaidi ya milioni 17. Hao ndio wanaojulikana zaidi kama Wamormoni. Muuzaji anaitwa Community of Christ. Ana waumini wapatao robo milioni, na jina la Umormoni halitaki.

Jibu la haraka kuhusu kilichowatenganisha ni urithi: nabii aliuawa, wakubwa wakagombea kiti. Ni kweli, ila kugombea kiti kunaeleza yaliyotokea mwaka 1844 tu. Hakuelezi kwa nini wajukuu wa wajukuu wao bado hawasali pamoja. Mimi naona swali linalofungua fumbo hili ni jingine: kila tawi linamkubali Joseph Smith wa mwaka upi?

Maana mtu huyo hakukaa mahali pamoja, si kwa miguu wala kwa mafundisho. Mwaka 1830, akiwa na miaka 24, alichapisha Kitabu cha Mormoni huko Palmyra, New York, akisema amekitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu aliyoonyeshwa na malaika. Tarehe 6 Aprili mwaka huohuo akaanzisha kanisa. Lilikuwa kanisa dogo, lisilotofautiana sana na makanisa mengine ya Kiprotestanti ya wakati ule, isipokuwa lilikuwa na kitabu cha ziada na nabii aliye hai. Miaka 14 baadaye, mjini Nauvoo, Smith alikuwa meya, jenerali wa jeshi la mji, na mgombea urais wa Marekani. Alikuwa amefundisha kwamba walio hai wanaweza kubatizwa kwa niaba ya wafu, kwamba Mungu aliwahi kuwa binadamu, na kwamba kuna ibada za hekaluni ambazo hazisimuliwi nje. Na kwa siri alikuwa ameoa wanawake wengi. Mwaka 2014 kanisa la Utah lenyewe lilichapisha maelezo yanayokiri kwamba makadirio ya uangalifu yanawaweka kati ya 30 na 40.

Siri hiyo ndiyo iliyomuua. William Law, aliyekuwa mshauri wake wa karibu, aliasi, na tarehe 7 Juni 1844 yeye na wenzake wakatoa gazeti, Nauvoo Expositor, lililoanika habari za mitala. Lilitoka toleo moja tu. Siku tatu baadaye baraza la mji, likiongozwa na Smith mwenyewe, liliamuru mtambo wa kuchapia uharibiwe. Majirani wa Illinois, ambao walikuwa wamekwisha kuchoshwa na nguvu za mji huo, walipata sababu. Smith na kaka yake Hyrum walifungwa katika jela ya Carthage, na tarehe 27 Juni kundi la watu waliojipaka masizi usoni likaivamia na kuwaua wote wawili.

Hyrum ndiye aliyekuwa mrithi dhahiri. Samuel, mdogo wao, alifariki mwezi mmoja baadaye. Joseph III, mwana wa nabii, alikuwa na miaka 11. Sidney Rigdon, aliyebaki katika Urais wa Kwanza, yaani uongozi wa juu kabisa wa kanisa, alirudi mbio kutoka Pittsburgh akisema yeye awe mlezi wa kanisa. Brigham Young, mkuu wa Akidi ya Mitume Kumi na Wawili, akasema funguo za ukuhani ziko kwa mitume. Tarehe 8 Agosti mkutano wa hadhara ulisikiliza pande zote mbili, na wengi wakainua mikono kwa mitume. Baadaye watu wengi walisimulia kwamba siku ile Young aligeuka sura na sauti akawa kama marehemu. Karibu simulizi zote ziliandikwa baada ya miaka kupita. Hata hivyo yeye mwenyewe hakuthubutu kuitwa rais wa kanisa hadi Desemba 1847, wafuasi wake walipokuwa wamekwisha kulifikia bonde la Salt Lake.

Emma, mjane wa Joseph, hakwenda. Alikuwa mjamzito, ana watoto wa kulea, na mali ya mumewe ilikuwa imechanganyika na ya kanisa kiasi kwamba madeni ya huyu yalikuwa madeni ya lile. Yeye na Young waligombana juu ya mashamba, nyumba na karatasi, na chini ya ugomvi huo kulikuwa na mitala, ambayo Emma aliichukia na baadaye akakana kabisa kwamba mumewe aliiishi. Alibaki Nauvoo, akaolewa tena, akafia huko mwaka 1879. Nadhani wanahistoria wa makanisa wanaowahesabu mitume na kumsahau mjane wanakosa nusu ya habari, kwa sababu kanisa la pili kwa ukubwa lilimea kutoka nyumbani mwake.

Wakati huohuo wadai wengine walikuwa wakijitokeza. Aliyeshangaza kuliko wote ni James Strang wa Wisconsin, aliyejiunga na kanisa miezi michache tu kabla ya mauaji. Alionyesha barua aliyosema imetoka kwa Smith ikimteua, kisha akafukua mabamba ya shaba aliyosema ni ya kale. Mwanzoni aliipinga mitala. Halafu akaoa mke wa pili na kusafiri naye akiwa amevalishwa nguo za kiume na kuitwa Charles Douglas. Mwaka 1850 alivikwa taji la ufalme katika kisiwa cha Beaver, ziwa Michigan, na akachaguliwa pia katika bunge la jimbo. Alipigwa risasi mwaka 1856 na waliokuwa wafuasi wake, akakaa wiki tatu kabla ya kufa, na hakutaja mrithi. Kikundi chake kipo hadi leo, kidogo mno.

Waliomwacha Strang na wengine waliokataa kwenda Utah walianza kumtafuta kijana wa Nauvoo. Joseph III aliwakatalia, kisha tarehe 6 Aprili 1860, huko Amboy, Illinois, akakubali. Kanisa lake lilijiita lililopangwa upya, na kwa zaidi ya miaka 130 halikuongozwa na mtu asiye wa ukoo wa Smith. Imani yake ilikuwa Joseph wa Kirtland: kitabu, ufunuo na nabii, bila ibada za siri za Nauvoo wala wake wengi. Wapo walioirudisha saa nyuma zaidi. Wafuasi wa William Bickerton, waliojipanga Pennsylvania mwaka 1862, na wale wa Granville Hedrick, walionunua kiwanja cha hekalu huko Independence, Missouri, ambacho Smith alikiweka wakfu mwaka 1831, wote wanasimama karibu na kanisa la mwanzo kabisa.

Kiwanja hicho kilizaa kesi yenye kichekesho chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 kanisa la Joseph III liliwashtaki watu wa Hedrick likitaka ardhi, na ili kushinda lilipaswa kuonyesha kwamba ndilo mrithi halali wa imani ya asili. Watu wa Utah wakawasaidia washtakiwa. Wanawake wazee walikula kiapo kwamba walikuwa wake wa Joseph Smith. Kwa hiyo mwana alikuwa mahakamani akitetea kwamba baba yake hakuwa na wake wengi, na wajane wa baba wakimwambia wao ndio hao. Jaji wa kwanza alimwamini mwana. Mahakama ya rufaa ikaigeuza hukumu kwa hoja kwamba amechelewa mno kudai. Kiwanja kiko kwa wafuasi wa Hedrick hadi leo, na hekalu halijajengwa juu yake.

Utah nako saa ililazimishwa kurudi. Mitala ilitangazwa hadharani mwaka 1852. Serikali ya Marekani ikajibu kwa sheria za kufunga wanaume jela na kutaifisha mali ya kanisa, hadi mwaka 1890 rais Wilford Woodruff alipotangaza kusimamisha ndoa hizo. Miaka sita baadaye Utah ikawa jimbo. Waliokataa walisema kanisa ndilo lililoasi, na wakajitenga kimyakimya. Wengi walikimbilia Short Creek, mpakani mwa Utah na Arizona. Gavana wa Arizona aliuvamia mji huo mwaka 1953 na kuchukua watoto zaidi ya 200, na picha za akina mama wakilia zikamharibia yeye kuliko wao. Katika kundi hilo ndimo alimotoka Warren Jeffs, aliyehukumiwa kifungo cha maisha huko Texas mwaka 2011 kwa kuwanajisi wasichana wadogo aliosema ni wake zake.

Kwa msomaji wa Afrika kuna tofauti moja ambayo haihusu wake. Wakati wa uhai wa Smith mwanamume mweusi, Elijah Abel, alipewa ukuhani. Brigham Young aliufunga mlango huo kwa Waafrika mwaka 1852. Joseph III alipata ufunuo wa kuwaweka wakfu watu weusi mwaka 1865. Kanisa la Utah lilingoja hadi Juni 1978, na ni baada ya hapo tu ndipo wamisionari wake walipoanza kuja Afrika Magharibi, kisha huku kwetu. Vijana wa shati jeupe na beji kifuani tunaowaona Nairobi na Dar es Salaam ni matunda ya mwaka huo. Hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu mwaka 2019, la Nairobi Mei 2025.

Lakini kanisa lililowahi mwaka 1865 nalo halikusalimika. Mwaka 1984 rais wake, Wallace B. Smith, alitangaza ufunuo wa kuwapa wanawake ukuhani. Maelfu ya wahafidhina walijitenga na kuanza kusali peke yao, wakidai kwamba wao hawajahama, ila makao makuu ndiyo yamehama, hoja ileile ya watu wa Short Creek. Mwaka 1996 uongozi ulitoka katika ukoo wa Smith kwa mara ya kwanza. Mwaka 2001 kanisa likabadili jina na kuwa Community of Christ. Mwaka 2025 likapata nabii mwanamke, Stassi Cramm. Baadhi ya waliojitenga walianzisha kanisa lao mwaka 2000, na baada ya kutafuta mtu wa damu ya Joseph Smith walimpata Frederick Larsen, wakamweka kuwa nabii. Makao yao makuu yako Independence, mji uleule wa Community of Christ na wa watu wa Hedrick.