Wenye Kalamu Walipopigwa Kalamu

Ndugu msomaji, twende New Orleans, Marekani. Gazeti la Times-Picayune lilianza huko mwaka 1837, likaitwa kwa jina la sarafu ndogo iliyotosha kununua nakala moja. Mwaka 1925 lilichapa visa vya kijana ambaye hata sekondari hakumaliza, wala hakuwa na riwaya: William Faulkner. Huyo baadaye akapata Nobel!

Mwaka 2005 kimbunga Katrina kikaleta mafuriko. Waandishi walihama ofisi kwa malori ya kusambazia magazeti, na bado wakatoa habari. Mwaka 2006 wakazawadiwa tuzo 2 za Pulitzer.

Lakini sifa hailipi mshahara. Matangazo yalikuwa yakihamia kwenye intaneti. Mwaka 2012 watu wapatao 200 wakapigwa kalamu, na gazeti likawa la siku 3 kwa wiki. Mwaka 2019 mshindani akalinunua, na wafanyakazi wote 161 wakaachishwa. Wachache tu wakaajiriwa upya.

Mimi ninayehangaika na riwaya yangu ya kwanza naliona hivi: gazeti la mjini ndiyo shule ya mwandishi asiye na jina. Mhariri anakukata maneno, msomaji anakucheka, unajifunza. Shule hiyo ikifungwa, jamani, nani atatufunza?