Pedi ya gemu inapigaje muziki? (Sehemu ya 6)

Mama zangu wa Moro, leo nikisema pedi sisemi zile za wodi ya wazazi, tuelewane mapema 😄. Nasema ile ya PlayStation. Kuna swali linanifikia sana: kijana kaichomeka kwenye laptop, anadai anatengeneza biti. Ni kweli, au naongopewa nimwachie acheze gemu?

Inawezekana kabisa. Tena gemu na muziki ni ndugu wa siku nyingi.

Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana lugha moja ya vyombo, MIDI. Lugha hii haibebi sauti. Inabeba taarifa tu: noti gani imebonyezwa (zina namba, 0 hadi 127), kwa nguvu gani, imeachiwa lini. Mwaka 1989 ikatoka kadi ya sauti ya kompyuta, Sound Blaster, yenye tundu la pini 15. Tundu hilo hilo unachomeka kijiti cha kuchezea gemu, na ukiwa na waya wake maalumu unachomeka kinanda. Mlango mmoja, jamani!

Halafu Ubelgiji, kampuni ya Image-Line, ambayo nayo ilianzia kwenye gemu, ikatoa FruityLoops miaka ya mwisho ya 1990. Aliyeiandika, Didier Dambrin, alitokea kwenye gemu. Siku hizi inaitwa FL Studio, na vijana wetu wengi wa Bongo Fleva na singeli wamejifunzia humo. Waliotoka Sisso, studio ya Mburahati pale Dar, kazi zao zilikusanywa 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na leo wanapiga hadi Ulaya, wakigonga vitufe vya laptop.

Toka hapo kwenda kwenye pedi ni hatua fupi. Kiprogramu kidogo kinakaa katikati kinageuza vitufe kuwa noti. X inakuwa ngoma, kijiti cha dole gumba kinapinda sauti, na L2 inajua umebonyeza kidogo au umekandamiza, kitu ambacho kitufe cha kawaida cha laptop hakijui.

Na sisi wa mji huu, mji wa Cuban Marimba na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, tusijifanye wageni. Enzi zile gitaa lenyewe wazazi wengi waliliita uhuni.

Kwa hiyo usiifungie kabatini kwanza. Mwambie, "Mwanangu, hebu nipigie." Ukiona skrini ina wachezaji wa mpira, haya, hapo umeongopewa.

Ninachohofia mimi ni masikio. Kwa watoto, WHO inashauri isizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki. Huna kipimo? Simama hatua moja toka alipo: ukiisikia biti ikitoka kwenye earphone zake, apunguze. Na mdogo wake wa chini ya miaka miwili asikae hapo kutazama skrini, hata kama kaka anapiga vizuri.